Ukosi Ulitangulia Sweta

Mwenye kufuma sweta la vifungo nyumbani kwake, kwa sindano ya kulabu na bila cherehani, hufika kwenye ukosi mwisho kabisa. Mgongo umeshakwisha, vipande viwili vya mbele vimeshakwisha, mikono imeunganishwa, na matundu ya vifungo yameachwa mahali pake. Hapo ndipo anapouzunguka mviringo wa shingo, akiokota tanzi moja moja, na kuusimamisha ukosi juu yake safu kwa safu. Bibi yangu aliufanya ukosi kuwa kazi ya usiku mmoja. Ilikuwa wakati wa kipupwe, baada ya sala ya isha, taa ya chemni karibu na magoti yake, na mtoto aliyefumiwa sweta akalivaa asubuhi akienda chuoni. Sikumsikia hata siku moja akilitaja vazi lile kwa jina la mtu. Lilikuwa sweta tu, na lile lenye ukosi likiitwa sweta la ukosi.

Hata hivyo jina la mtu lipo. Katika lugha nyingi za dunia vazi hili huitwa kadigani, na Cardigan alikuwa bwana mkubwa wa Kiingereza, jemadari wa wapanda farasi, ambaye umaarufu wake haukutokana na uzi wala sindano. Ukosi nao una historia yake, na historia hiyo ni kongwe kuliko jina la sweta. Mambo yalikwenda kinyume na mwendo wa ufumaji: ukosi ulitangulia, sweta likafuata. Waliouleta ukosi wa kroshia sokoni walikuwa wanawake na mabinti wa kisiwa cha Ayalandi, katika miaka ya njaa, na hakuna vazi lililopewa jina la hata mmoja wao. Nimeona ni vyema kuwaandikia wasomaji wa kurasa hizi habari zao, maana sisi pia ni watu wa visiwa, na kwetu pia mikono ya wanawake imelisha nyumba nyingi pasi na kuandikwa.

Tuanze na sindano yenyewe. Kufuma nguo kwenye kitanda cha mfumi ni sanaa ya maelfu ya miaka, na kufuma kwa sindano mbili ni sanaa ya karne nyingi. Kroshia ni mtoto mdogo kati yao. Neno lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ni kulabu ndogo. Maelezo ya mwanzo ya ufumaji huu yaliyopigwa chapa yalitoka katika jarida la wanawake la Uholanzi lililoitwa Pénélopé, mwaka 1823, na yalihusu vikoba vya kutilia fedha. Yaani sanaa ambayo wengi tunaidhania kuwa ya tangu na tangu haina miaka mia tatu.

Lakini kulabu ina ukoo mrefu, na ukoo huo unapita katika bahari yetu. Kule Kachchh, magharibi ya Bara Hindi, nchi iliyowatoa wafanyabiashara wengi waliohamia Unguja na Mombasa, kulikuwa na jamii ya Mochi, washona viatu. Chombo chao cha kutobolea ngozi walikitia kulabu kwenye ncha, wakaanza kudarizia hariri. Kulabu hushuka kupitia kitambaa, huudaka uzi upande wa chini na kuurudisha juu kama tanzi. Tanzi la pili hupita ndani ya la kwanza, la tatu ndani ya la pili, mpaka ua zima limechorwa kwa mkufu wa uzi. Darizi za namna hii zilienea Ulaya katika karne ya 18, na Wafaransa wakaziita kwa jina la ngoma, kwa sababu kitambaa huwambwa kwenye duara la mbao kama ngozi inavyowambwa. Wengi waliochunguza jambo hili wanaamini kwamba kroshia ilizaliwa pale mdarizi alipokiondoa kitambaa na kuuacha mkufu ujishikilie wenyewe hewani. Mtu yeyote akilitazama tanzi la kwanza la kroshia ataona kuwa ni lile lile la washona viatu wa Kachchh.

Kuna tofauti moja kati ya kroshia na ufumaji wa sindano mbili, nami naieleza hapa kwa sababu itatufaa mbele. Mwenye sindano mbili hubeba matanzi mengi yaliyo hai kwa wakati mmoja. Safu nzima imelala juu ya sindano, na likichomoka moja, huporomoka pamoja na wenziwe wa chini. Mwenye kroshia hubeba tanzi moja tu. Yote aliyoyapita yameshafungwa, na kulabu yake inaweza kuingia popote: mbele, nyuma, pembeni, au kurudi safu tatu chini na kuibuka tena. Ndiyo maana kwa kroshia mtu hufuma jani, ua, duara na pembe kwa uhuru usiopatikana katika ufumaji mwingine. Mtunzi wa mashairi ataielewa hali hii upesi. Hesabu ni kali na mizani haisamehi. Aliyepunja tanzi moja katika safu ya kwanza ataliona kosa lake safu ya kumi, ua linapokataa kukaa katikati. Lakini ndani ya hesabu hiyo mkono uko huru.

Sasa twende Ayalandi. Mwezi wa Septemba 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika mashamba ya mbatata ya kisiwa hicho. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilikuwa imekuta zaidi ya milioni 8, na sehemu kubwa ya maskini miongoni mwao hawakuwa na chakula cha kutegemea ila kiazi. Viazi vilioza ardhini, na vingine vikaoza ghalani baada ya kuvunwa vikionekana vizima. Mavuno ya 1846 yaliangamia karibu yote. Serikali ya London ilikuwa imenunua mahindi kutoka Marekani, nafaka ambayo watu wale hawakuizoea. Vinu vya kuisaga vilikuwa vichache, na kuipika hawakujua. Sisi tuliokulia kwenye sima tunaweza kukisia matumbo yalivyowasokota. Katika kiangazi cha 1847, mwaka ambao Waayalandi mpaka leo huuita mweusi, majiko ya supu ya umma yalilisha watu kama milioni 3 kwa siku, kisha yakafungwa. Nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Uingereza wakati watu wakifa kando ya njia zinazoelekea bandarini. Hesabu ya watu ya 1851 ilikuta milioni 6 na nusu. Takriban milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa homa zilizofuatana nayo, na wengine zaidi ya milioni moja walikwishapanda merikebu.

Katika hali hiyo ndipo kulabu ilipoingia nyumbani. Karibu na mji wa Cork, upande wa kusini, watawa wa Ursuline wa Blackrock walikuwa wameanza kuwafundisha mabinti maskini kroshia hata kabla ya njaa, kama somo mojawapo la kazi za mikono. Njaa iliposhika, somo likageuka chakula. Upande wa kaskazini, katika mji wa Clones, jimbo la Monaghan, alihamia mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti. Alipoikuta hali ya watu, akaomba msaada kwa Bibi Roberts wa Thornton, jimbo la Kildare, aliyekuwa akiwafundisha kroshia wanawake wa kwao, na akapelekewa mwalimu. Kutoka nyumba hadi nyumba ujuzi ukaenea, Wakatoliki kwa Waprotestanti, hata wafumaji wa Cork na wa Clones wakahesabika kwa maelfu.

Kielelezo chao kilikuwa lasi ya Venice ya karne ya 17, ile nzito yenye maua yaliyoinuka, ambayo wakati wake ilivaliwa na wafalme na maaskofu. Lasi ile ilishonwa kwa sindano ya kawaida, kitundu kwa kitundu, na kipande kidogo kiliweza kula miezi. Waayalandi waligundua kwamba kwa kulabu na uzi wa pamba wataweza kuuiga mwonekano huo kwa sehemu ndogo tu ya muda. Maua waliyanyanyua kwa kufuma juu ya kamba nene iliyofichwa ndani ya matanzi, na kati ya ua na ua wakajaza wavu mwembamba. Wa Clones wakaupamba wavu wao kwa kifundo kidogo cha duara ambacho mpaka leo hujulikana kwa jina la mji wao. Nalipenda jambo hili. Mji ulipata jina katika ufumaji, japo hakuna mwanamke mfumaji aliyelipata.

Kwa nini ukosi, wala si shuka wala gauni? Wakati ule mwanamke wa tabaka la kati kule Uingereza alivaa gauni la kitambaa kizito cha rangi ya giza, ambalo halikufuliwa ovyo, maana lingechuja na mishono ingeharibika. Jasho la shingoni lilizuiwa na ukosi mweupe wa kubandika, ulioshikizwa kwa nyuzi chache au pini. Ukichafuka hutolewa, hufuliwa, hupigwa wanga na kurudishwa. Kwa hiyo kila mwenye gauni moja alihitaji kosi kadhaa, na ukosi ndio ulioonekana na kila mtu pale alipoketi kwa chai. Hapo pana soko kubwa katika kitu kidogo. Kwa mfumaji ukosi ulikuwa na fadhila zake pia: hukaa juu ya paja, hauhitaji meza wala chumba cha peke yake, na mtaji wake wote ni uzi wa pamba wa fedha chache. Hata sindano haikulazimu kununuliwa. Wengi walichukua waya mgumu au sindano iliyovunjika jicho, wakaikunja ncha na kuichomeka kwenye kipande cha mti.

Nyumba zenyewe zilikuwa za chumba kimoja au viwili, na moto wake ni wa udongo mweusi wa kinamasi uliokaushwa, unaotoa moshi mwingi. Lasi nyeupe kuliko zote iliyokuja kuvaliwa London ilifumwa ndani ya moshi huo na mara nyingi ilitoka nyumbani ikiwa na rangi ya kijivu, ikafuliwa na kung'arishwa baadaye. Kazi iligawanywa. Mmoja alifuma waridi, wa pili majani, wa tatu duara na vishada, na mwingine mwenye jicho la kupanga akavikusanya vipande hivyo, akavipigilia juu ya karatasi au kitambaa chenye umbo la ukosi, kisha akaviunganisha kwa wavu. Sisi hatuna haja ya kuelezwa sana. Ndivyo mkeka wa ukindu unavyopatikana: ukili husukwa na wengi, barazani na uani, huku watu wakizungumza, kisha mshonaji huunganisha ukili na ukili mpaka mkeka ukatandikwa. Ukiuliza mkeka huo ni wa nani, utatajiwa aliyeushona au aliyeuuza.

Huko Clones husimuliwa kwamba kila ukoo ulikuwa na ua lake, urithi wa mama kwa binti, na jirani alipobisha hodi mfumaji alifunika kazi yake kwa aproni ili ua lisiibwe. Katika nyumba isiyo na kiazi, ua la uzi lilikuwa mali pekee ya kufichwa. Fedha iliyotokana nalo ililipa unga, ikalipa kodi ya shamba ili familia isifukuzwe, na mara nyingi ikalipa nauli ya mmoja wao kwenda Marekani. Wapo waliotangulia kwa nauli ya kosi, wakafika New York au Boston, wakatuma fedha za kuwachukua waliobaki. Siwezi kuiita biashara hiyo neema, kwa sababu bei haikupangwa na mfumaji bali na mnunuzi aliyemjua kuwa ana njaa. Lakini katika miaka ambayo jembe la mwanamume halikuwa na cha kuchimba, kulabu ya mwanamke ndiyo iliyoingiza chakula, na jambo hilo liligeuza mengi katika nani anasema nini mbele ya moto wa nyumba.

Majina tuliyobakishiwa ni ya waliofundisha na waliochapisha. Cassandra Hand anakumbukwa, naye anastahili. Eléonore Riego de la Branchardière, binti wa baba Mfaransa na mama Muayalandi, aliyekuwa na duka London, alianza kuchapisha vitabu vya ruwaza akiwa msichana bado katika miaka ya 1840, akatoa zaidi ya sabini, na akapata kujisifu kwamba ndiye mvumbuzi wa kroshia ya lasi. Susanna Meredith, aliyesimamia shule ya kazi hizi Cork, alichapisha mwaka 1865 kitabu kiitwacho The Lacemakers, akichanganya habari za biashara na hadithi za mabinti wafumaji. Ni kitabu chenye huruma, nacho ni ushahidi mkubwa. Hata hivyo mabinti wake wanatujia wakiwa wahusika wa hadithi.

Katikati ya habari hizi anatokea bwana wa sweta. James Thomas Brudenell, bwana wa saba wa Cardigan, alizaliwa 1797 katika utajiri mwingi, na cheo chake cha kijeshi alikinunua kwa fedha, kama sheria ya Uingereza ilivyoruhusu mpaka mwaka 1871. Kikosi chake alikivalisha kwa kumimina fedha zake mwenyewe, suruali nyekundu na koti za kubana, maana alipenda askari wake wapendeze. Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Crimea, karibu na bandari ya Balaclava, amri iliyokosewa iliwapeleka wapanda farasi kama 670 moja kwa moja kwenye mizinga ya Warusi, naye akiwa mbele yao. Katika dakika chache waliuawa zaidi ya 100, wengi zaidi wakajeruhiwa, na mamia ya farasi wakaangamia. Yeye alirudi mzima. Katika vita vile alikuwa akilala ndani ya jahazi lake la anasa bandarini, ilhali askari walilala kwenye mahema na matope.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Tennyson alichapisha shairi lake maarufu juu ya shambulio hilo, The Charge of the Light Brigade. Wapenzi wa mashairi watapenda kujua kwamba shairi halimtaji Cardigan. Likawasifu wapanda farasi na kumwacha jemadari. Wenye maduka ya nguo wakawaacha wapanda farasi na kumsifu jemadari. Aliporudi Uingereza mwanzoni mwa 1855 alipokewa kama shujaa, na fulana ya sufu yenye kufunguka mbele, ya namna iliyosemekana kuvaliwa naye vitani, ikauzwa kwa jina lake. Ilikuwa ya sindano mbili, haina mikono wala ukosi. Vita vile viliipa dunia majina mengine mawili ya mavazi. Kofia ya sufu inayofunika uso huitwa balaklava kwa jina la bandari, na mkono wa nguo unaoshonwa kwa mshazari kutoka shingoni hadi kwapani huitwa raglani, kwa jina la Bwana Raglan, amiri wa jeshi, aliyepoteza mkono wake wa kulia Waterloo mwaka 1815.

Mtu aweza kusema hayo ni majina tu, na jina halimpunguzii mtu shibe. Ni kweli. Lakini tazama hesabu ilivyo. Takriban thuluthi moja ya askari wa Uingereza kule Crimea walikuwa Waayalandi, wana wa nyumba zile zile za moshi. Meli iliyoitwa Prince ilipozama kwa dhoruba tarehe 14 Novemba 1854 pamoja na nguo za baridi za jeshi, hao ndio waliotetemeka. Mama zao na dada zao walikuwa Cork na Monaghan wakifuma kosi za watu wengine. Na kama tunadhani kwamba kazi ya mkono haina mahali pa kutiwa sahihi, Malkia Victoria anatukanusha. Alikuwa mfumaji hodari, na mwaka 1900, amepita umri wa miaka 80, alifuma kwa kroshia skafu 8 zilizopewa askari waliosifiwa kwa ushujaa katika vita vya Afrika Kusini. Kila skafu ilitiwa herufi za jina na cheo chake, V.R.I. Mpaka leo zinahesabika moja moja na kutunzwa kama nishani.

Ukosi na sweta vilikutana baadaye. Biashara ya kosi ilipanda na kushuka kadiri mitindo ilivyobadilika, ikafifia, ikafufuliwa tena miaka ya 1880 na 1890, pale halmashauri ya serikali iliyoundwa mwaka 1891 kwa ajili ya majimbo maskini ya magharibi ilipofungua madarasa ya lasi. Kati ya 1900 na 1914 kroshia ya Ayalandi ikashika mitindo ya Paris, London na New York. Safari hii hawakutaka ukosi peke yake. Walitaka koti zima, lenye kufunguka mbele, lenye mikono, lenye ukosi wake uliolala mabegani, vyote kwa maua yale yale ya miaka ya njaa. Makoti hayo yamo katika makumbusho kadhaa, na ukiyatazama kwa makini utaona mkono uliofuma waridi la bega la kulia si ule uliofuma la kushoto. Mmoja alivuta uzi kwa nguvu, mwingine kwa ulegevu. Hicho ndicho ninachoweza kukiita sahihi yao.

Kisha ikaja mashine. Mafundi wa Uswisi na Ujerumani walikuwa wamegundua njia ya kudarizi kwa mashine juu ya kitambaa, kisha kukiyeyusha kitambaa kwa dawa mpaka ikabaki darizi tupu, na lasi hiyo ikaigizwa kwa sura ya kroshia ya Ayalandi na kuuzwa rahisi. Kwa mbali humtambui mwigo. Ukiisogeza karibu huoni tanzi, waona nyuzi zilizorundikana. Washona kofia wetu wanaijua vyema hali hii, wao wanaokaa wiki kwa wiki juu ya kofia moja ya mkono, na mbele ya mlango wa duka zimening'inia kofia za mashine kwa bei ya uzi wake. Vita vya 1914 vilipoanza, gauni zikawa nyepesi na fupi, na biashara ya Clones ikapungua mno, ingawa bado wapo huko wanaokifuma kile kifundo.

Hapa ndipo ile tofauti niliyoitaja mwanzoni inapofaa. Ufumaji wa sindano mbili uliingia kwenye mashine mapema, tangu William Lee wa Nottinghamshire alipobuni mtambo wake wa soksi mwaka 1589, kwa kuwa matanzi yaliyo hai katika mstari yanaweza kupewa ndoana yake kila moja. Kroshia yenye tanzi moja linalotangatanga haikuwapa wahandisi pa kushikia. Zile ziitwazo mashine za kroshia viwandani hufuma kitambaa cha namna nyingine kinachofanana nayo, na majaribio ya miaka ya karibuni ya maabara hayajaingia kiwandani. Kwa hiyo, msomaji, ukiliona dukani sweta la kroshia ya kweli, la ukosi na vifungo, limetundikwa pamoja na mengine mia yanayolingana nalo, ujue yote mia yamefumwa kwa mkono. Mfumaji mzoefu hutumia saa thelathini hadi hamsini kwa sweta moja la mtu mzima. Gawanya bei iliyoandikwa kwa saa hizo, ukishatoa uzi, usafiri, kodi na faida ya muuzaji, uone kinachobaki. Mimi nimeigawanya mara kadhaa nikiwa nimesimama dukani, na mara zote nimelirudisha sweta mahali pake.

Nyumbani hesabu ni nyingine, maana hakuna anayelipwa. Bibi alianzia shingoni kushuka chini, kwa mistari minne ya kuongeza matanzi, miwili mbele na miwili nyuma, inayokimbilia kwapani. Ni ule ule mshazari wa bwana Raglan, ingawa Bibi hakupata kumsikia. Ukosi ulimpa kazi kuliko mwili wote wa sweta. Hakuuanza kwenye ukingo wenyewe wa mbele, bali ndani yake kwa matanzi machache, ili ncha mbili za ukosi zikutane chini ya kidevu bila kupandana. Safu za kwanza alizibana, kisha akabadili sindano na kushika iliyo nene kidogo, ili safu za nje zipanuke na ukosi ulale badala ya kusimama kama wa askari. Kwenye kila ncha aliweka matanzi matatu katika tundu moja, pembe ikatoka kali. Kosa likionekana hakuling'ang'ania. Aliuvuta uzi, safu ikafumuka, naye akaanza tena pasi na kunung'unika.

Alipomaliza tanzi la mwisho alikata uzi, akauacha mkia wa urefu wa shibiri, akautia kwenye sindano ya kushonea na kuupitisha ndani ya safu ya nyuma, mbele kidogo, kisha ukarudi nyuma, mpaka ukapotea. Aliupitisha mkono juu ya ukosi kuhakikisha. Asubuhi yake nilijaribu kutafuta mahali ulipoishia, nisipaone.